KULINDA MITANDAO: JE, HII NI KAZI?
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Leo nasema hasa na ninyi mnaokutana Kemondo, kwa maana swali la leo limetoka kwenu. Wenye karatasi hii mkononi, fuateni kwa kidole, polepole. Neno gumu litaelezwa mara linapotokea.

Mzazi mmoja ameuliza hivi: "Mwanangu amechaguliwa kwenda chuo kikuu Dodoma, kujifunza usalama wa mtandao. Je, hiyo ni kazi, au ni kucheza na simu? Nataka kujua kabla sijauza sehemu ya kibanja."

Waitu, swali hili si la kuchekwa. Kibanja ni migomba, ni kahawa, ni makaburi ya wazee. Mtu hauzi kibanja kwa ajili ya jambo asilolijua.

Kwanza, mtandao ni nini? Ni mashine nyingi zilizounganishwa, zikipashana habari. Simu yako imo ndani yake. Unapolipwa fedha ya dagaa pale bandarini kwa njia ya simu, hakuna noti inayosafiri. Kinachosafiri ni maandishi: fulani apunguziwe kiasi hiki, fulani aongezewe. Maandishi hayo yanakaa katika daftari kubwa ndani ya kompyuta. Sasa fikiri: mtu akiingia katika daftari hilo usiku, akabadili tarakimu moja tu, itakuwaje? Mtu wa namna hiyo huitwa mdukuzi, na kitendo chake ni kudukua.

Jambo hili si hadithi. Mwezi wa Oktoba 2020, jirani zetu wa Uganda walipatwa. Wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyokuwa kiungo kati ya mabenki na kampuni za simu. Fedha zilichukuliwa, na baadhi ya malipo kati ya benki na simu yakasimamishwa. Hakuna mlango uliovunjwa wala mlinzi aliyepigwa rungu.

Basi anayesomea usalama wa mtandao anajifunza kuwa mlinzi wa daftari hilo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina shahada ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijiti. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kinafundisha ulinzi wa mtandao. Mwanafunzi hujifunza hisabati, hujifunza jinsi kompyuta zinavyosemezana, jinsi ya kuficha maandishi yasisomwe na mwingine, na jinsi ya kutafuta tundu katika mfumo kabla mwizi hajaliona.

Hilo la kutafuta tundu huwashangaza watu. Huwezi kuziba tundu usilolijua. Kwa hiyo walimu huwawekea wanafunzi kompyuta ya mazoezi na kuwaambia: ingieni mkiweza. Ndani yake hufichwa neno moja, nao huliita bendera. Atakayeipata bendera amefaulu. Mashindano ya namna hii hufanywa kati ya vyuo na vyuo, na vijana hukesha juu yake kama wavuvi wanavyokesha na karabai ziwani.

Vijana wetu hawakubaki nyuma. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania wamefika hadi Shenzhen, Uchina, katika fainali za mashindano ya kampuni ya Huawei, ambako mafundi wa mitandao hupimwa pamoja na mambo ya ulinzi wake. Tena Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika kipimo chake cha mwaka 2024, liliiweka Tanzania katika kundi la kwanza, pamoja na Kenya na Rwanda. Ni sifa njema. Lakini kipimo hicho hutazama zaidi sheria, vyombo vya serikali na mafunzo. Hakihesabu bibi kizee aliyeibiwa fedha zake za kahawa jana jioni.

Tumtazame bibi huyo. Amepata ujumbe: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mwizi hamjui bibi. Ametuma maneno hayo hayo kwa watu wengi mno, akitumaini kwamba mmoja wao ana deni siku hiyo. Bibi alikuwa na deni, akatuma. Kisha, kwa aibu, akaufuta ujumbe ili watoto wasiuone.

Hapo ndipo alipokosea zaidi. Ujumbe ule ulikuwa unyayo wa mwizi. Mchunguzi wa kidijiti, yaani mtu aliyesomea kufuatilia nyayo ndani ya simu na kompyuta, anataka kujua namba iliyotuma, saa, na fedha zilikwenda kwa nani kisha kwa nani. Hufundishwa kutengeneza nakala ya vilivyomo katika simu na kufanya kazi juu ya nakala, asiiguse asili. Huandika kila mtu aliyeishika simu ile na saa aliyoishika. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu mahakamani wakili wa mwizi atauliza: una hakika gani kwamba ujumbe huu haukubadilishwa? Asipokuwa na jibu, mwizi huenda nyumbani.

Sasa tuje kwenye mkate. Kijana akimaliza, ataajiriwa wapi? Mabenki na kampuni za simu huhitaji watu hawa. Polisi wana kitengo cha makosa ya mtandao. Iko Mamlaka ya Mawasiliano, iko Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iko Tume inayosimamia habari za watu zisitumiwe ovyo. Hospitali na vyama vya wakulima navyo vinaweka hesabu zao katika kompyuta.

Shirika moja la wataalamu, ISC2, lilikadiria mwaka 2023 kwamba dunia nzima ilipungukiwa na watu wa kazi hii karibu milioni 4. Mimi naipokea hesabu hiyo kwa tahadhari kidogo, maana shirika lenyewe hutoa vyeti kwa malipo. Na kupungukiwa kwa dunia si barua ya ajira mkononi. Wapo waliomaliza na bado wanatafuta. Anayepata upesi mara nyingi ni yule aliyeshiriki mashindano, akafanya kazi za mikono, akawa na kitu cha kuonyesha zaidi ya cheti.

Na iko hatari moja ambayo mzazi aambiwe waziwazi. Ufundi wa kufunga kitasa ndio ufundi wa kukifungua. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuchukua kitu. Kijana anayesema "nilikuwa najaribu tu" anaweza kufungwa. Mwulize mwanao: walimu wenu wamewafundisha sheria hii? Akisita, arudi akaisome.

Kwa hiyo, mzazi wa Kemondo, jibu langu ni ndiyo, hiyo ni kazi. Lakini kibanja usikiuze kwanza. Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwanao aombe huko mapema, naye ajue kwamba mkopo hulipwa: akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni: 15040. Hiyo ndiyo namba ya kupelekea ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake, na ujumbe wenyewe usiufute. Chini yake andikeni: *106#. Ukiibonyeza na kupiga, utafuata maelezo uone ni namba ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu inayohusika uikatae.

Mwalimu, mwache kila mmoja asome namba hizo kwa sauti. Mzazi aliyeuliza swali aje kipindi kijacho na barua ya chuo, tuisome pamoja mstari kwa mstari.