Mgeni wa Wafanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi wa kuwaaga ndugu wawili wanaokwenda ng'ambo)



Juma lijalo ndugu zetu wawili wanakwenda Uingereza kwa miezi mitatu kujifunza kazi ya chama. Hawatalala hotelini. Watalala majumbani mwa wafanya kazi wenzetu wa huko. Juu ya baridi na makoti mmekwisha kuwaonya vya kutosha. Mimi nitasema juu ya kukaa katika nyumba ya mtu, na mfano wangu ni Gandhi wa India, aliyefika Uingereza mara kadhaa. Nachukua safari mbili tu.

Mwaka 1888 alikwenda kusoma sheria, kijana ambaye hajatimiza miaka 20. Alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatakula nyama. Huko London akapanga kwa mjane mmoja mwenye mabinti wawili, watu wema sana. Mabinti walimwongeza kipande cha mkate, pengine viwili, naye angeweza kumaliza mkate mzima, lakini aliona haya kuomba. Akawa anashinda na njaa katika nyumba ya watu waliomtakia mema, mpaka alipogundua mkahawa usiopika nyama. Ndugu, hiyo siyo adabu. Mwenyeji hawezi kusoma tumbo la mgeni. Kama kuna kitu huli, sema siku ya kwanza, kabla sufuria haijatelekwa.

Mwaka 1931 alirudi kwa mkutano juu ya mambo ya India. Sasa alikuwa mtu mkubwa, lakini alichagua kukaa Kingsley Hall, huko Bow, mashariki ya London, mtaa wa maskini, kwa mwaliko wa Bibi Muriel Lester. Alilala katika chumba kidogo cha juu kwa majuma kama 12. Alfajiri alitembea mitaani, na watoto wakamwita Mjomba Gandhi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikuja nalo mwenyewe, maana alisokota uzi wake kila siku.

Lakini nyumba ngumu haikuwa ile ya London. Watu wa India walikuwa wamesusia nguo za Uingereza kwa wito wake, na nguo hizo zilifumwa Lancashire. Viwanda vilifungwa, maelfu wakakosa kazi. Kususia hakukuwa sababu ya pekee: biashara ya dunia nzima ilikuwa imeanguka, na Wajapani waliuza nguo kwa bei nafuu. Hata hivyo, mfumaji wa mji wa Darwen aliyekaa bila mshahara alijua jina la kulaumu. Mwezi wa Septemba wenye kiwanda kimoja cha huko wakamwalika akae, ajionee taabu yao. Akaenda.

Hakuwadanganya ili awapendeze. Alisema taabu yao ameiona na imemhuzunisha. Kisha akawaambia: ninyi mna watu milioni 3 wasio na kazi, sisi tunao karibu milioni 300 wasio na kazi nusu ya mwaka, posho yenu ya kukosa kazi ni shilingi 70 kwa mwezi, na pato la mtu wetu ni shilingi saba na nusu. Mmoja wa wasio na kazi akajibu kwamba lau angekuwa India naye angesema vile vile. Siwaambii kwamba wote waliridhika. Hesabu hiyo haikumnunulia mtu mkate.

Ndugu wawili, nanyi mtaulizwa mezani. Mwenyeji wenu aweza kuwa mtu ambaye kazi ya kiwanda chake imehamishiwa nchi za mishahara midogo, na moyoni mwake nchi hizo ni sisi. Msicheke tu na kubadili maneno. Chukueni hati zenu za mshahara, yeye naye alete zake, mzitazame pamoja, pamoja na kodi ya nyumba na bei ya chakula cha kila upande. Ni kazi ya usiku mzima, na chai itanywewa nyingi.

Katibu anayo nakala ya picha iliyopigwa kiwandani Darwen, Gandhi ndani ya shuka, wanawake wa kiwanda wamemzunguka na kushangilia. Ipitisheni mkono kwa mkono, kisha tusikie maswali.