Kupima Wimbo wa Zamani Uliopigwa Upya

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Simiyu

Ninyi mlio Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, fungueni madaftari yenu. Leo hatutasoma habari za pamba wala za maji safi. Tutajifunza kusikiliza, na kutoa hukumu yenye sababu.

Tuanze na jambo mnalolijua. Katika nchi ya Wasukuma, mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Kila upande huvuta watu kwa njia zake. Wengine hucheza na nyoka, wengine hutafuta mavazi ya kushangaza, wengine hutegemea dawa. Nani ameshinda? Ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Hukumu hiyo iko wazi, kwa kuwa kila mtu anaona uwanja.

Lakini wimbo uliorekodiwa hauna uwanja. Unaupata katika redio au katika simu ya mkononi. Huoni mchezaji, huoni vumbi, huoni watu waliokusanyika. Una masikio yako tu. Naye muuzaji anakuambia, "Huu ni mpya, kila mtu anaupenda." Je, utampa fedha yako ya pamba kwa neno hilo peke yake?

Tuchukue mfano wa wimbo uitwao Malaika. Wengi wenu mnaujua. Watu wamebishana juu ya mtunzi wake: wengine humtaja Fadhili William wa Kenya, wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania. Lililo hakika ni kwamba Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, nao ukaenea. Habari yake ni nyepesi kueleza lakini nzito kuibeba. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, lakini hana mali. Ninyi mnaojua mahari ya ng'ombe mnaelewa vema uchungu wa kijana huyo.

Tangu hapo wimbo huu umepigwa upya mara nyingi. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini na Harry Belafonte wa Marekani waliuimba pamoja katika santuri yao. Mwaka 1981 ulitolewa na Boney M., kikundi cha Ujerumani kilichojulikana kwa muziki wa disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuimba naye. Basi, siku utakaposikia Malaika nyingine mpya, utaipimaje? Jiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Maneno yanasikika? Weka simu mezani, nenda ukasimame mlangoni. Ukisikia ngoma lakini husikii maneno, habari ya kijana imepotea. Lakini usimcheke mwimbaji kwa sababu Kiswahili si lugha ya mama yake. Fadhili William mwenyewe alikuwa Mtaita, na wengi wenu mlianza kwa Kisukuma. Sikiliza kama anayaelewa maneno anayoyatamka.

Swali la pili: Mwendo wake ni upi? Hapa chukua saa. Piga meza kidogo kufuata wimbo, ukahesabu mapigo ya dakika moja. Andika hesabu yako. Kisha fanya vivyo hivyo kwa wimbo wa zamani, ulinganishe.

Hata wataalamu wa Ulaya hubishana juu ya mwendo. Wana muziki mrefu uitwao simfoni, unaopigwa na watu wengi wenye vyombo vya namna nyingi. Simfoni ya Tano ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808. Inaanza kwa sauti nne tu: tatu fupi na moja ndefu. Gonga meza: ta-ta-ta-taa. Ndivyo hivyo. Beethoven aliuandika muziki wote katika karatasi, na baadaye akataja hata mwendo: sehemu ya kwanza iende mapigo 108 kwa dakika. Hata hivyo, viongozi wengi wa muziki wameipiga polepole zaidi, na wengine wamefuata hesabu yake. Kwa hiyo kila inapotoka santuri mpya ya simfoni hiyo, wasikilizaji huuliza: huyu amefanya nini na zile sauti nne? Karatasi ni ileile, lakini mikono ni tofauti.

Swali la tatu: Vyombo vinamsaidia mwimbaji au vinamfunika? Chombo kizuri ni kama mwenzako shambani: hushika mstari wake, hakuingilii wako.

Swali la nne: Maana imebaki, au imeongezeka, au imeondoka? Hili ndilo swali kubwa. Makeba na Belafonte walipoimba pamoja, wimbo wa kijana mmoja ukawa wa watu wawili. Sasa mwanamke naye ana sauti, na tunajua kwamba umaskini ule unawaumiza wote wawili. Hapo maana imeongezeka. Boney M. wao waliwafikiria wachezaji. Mguu unafurahi, lakini kwa masikio yangu uchungu wa kijana umepungua. Wewe waweza kukataa maneno yangu, mradi utoe sababu.

Mtauliza, kwa nini tuhangaike hivi kwa wimbo tu? Sababu ni hii: wimbo uliopigwa upya huweza kukalia kiti cha ule wa zamani. Mtoto asiyeusikia wa kwanza atadhani huu wa pili ndio wote. Simfoni ina karatasi ya kuirudia. Nyimbo zenu nyingi hazina karatasi. Zimo vichwani mwa wazee.

Fikirini Bugobogobo, ngoma ya jembe. Nyimbo zake zilipanga mikono ya wakulima, wote wainue pamoja na wote washushe pamoja. Kijana akichukua wimbo huo leo na kuupiga kwa kinanda cha umeme, msimkataze. Bagika na Bagalu hawakushinda kwa kurudia mambo ya mwaka jana. Lakini shikeni jembe mkaujaribu wimbo wake. Kama hakuna mkono unaoweza kuufuata, basi ametengeneza wimbo wa kucheza. Wa kulima haupo tena. Mwambieni hivyo kwa upole, kisha mwimbieni ule wa kwanza, aurekodi nao. Kuwa na nyimbo mbili ni faida. Kupoteza ule wa zamani bila kujua ni hasara.

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.

Maneno ya kukumbuka
Santuri: sahani inayotunza sauti.
Mwendo: wepesi au upole wa wimbo.
Simfoni: muziki mrefu wa vyombo vingi, mara nyingi wenye sehemu nne.
Hukumu: uamuzi baada ya kupima.

Maswali
1. Bagika na Bagalu hupimwaje, na kwa nini kipimo hicho hakifai kwa wimbo wa redioni?
2. Hesabu mapigo ya wimbo mmoja kwa dakika moja. Andika jibu kwa tarakimu.
3. Chagua wimbo mmoja wa kijiji chako usiokuwa na karatasi. Nani anaujua wote? Andika habari yake kwa sentensi tano, kisha umsomee mwenye kuujua.