Mlinda Mlango Wetu Avuka Mpaka

(Maneno yaliyosemwa na Mkaguzi wa Ushirika huko Suguti, katika mkusanyiko wa wanachama wa kumuaga kijana anayekwenda kucheza mpira nchini Zambia. Yamechapwa hapa kwa ombi la makatibu waliohudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi, ndugu makatibu wa vyama jirani mliofika, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma karibu na mizani:

Nilipopokea barua ya kunitaka nije hapa leo nilidhani naitwa kukagua vitabu, kwa maana barua za chama hiki kwangu zimekuwa za namna hiyo siku zote. Nilikwisha kupanga kalamu zangu nyekundu. Kumbe safari hii naitwa kusema maneno ya kwaheri. Nakiri kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile.

Kijana tunayemuaga ametusimamia golini kwa misimu sita, tangu ule aliotimiza umri wa miaka 13, hata majirani walipokuwa wakicheka kwamba timu ya watu wazima inalindwa na mtoto wa shule. Na kwa misimu miwili ya pamba amekuwa karani wetu wa mizani. Wale wa mbali watasema anapendwa kwa sababu ya kuokoa penalti. Sikatai. Lakini mimi nimezungumza na mama zangu wakulima wa hapa, nao hawakunitajia penalti hata moja. Walinieleza kwamba huyu huweka robota juu ya mizani, huondoa mkono wake, hungoja namba zitulie, kisha humwambia mwenye mali, "Mama, isome mwenyewe." Mkulima aliyewahi kupunjwa kilo mbili kila robota kwa miaka mingi hawezi kulisahau neno hilo. Siku tatu zilizopita nilipitia daftari lake la mapokezi. Nilikuta tofauti mahali pamoja, kilo nne, naye alikwisha kuiandika mwenyewe kwa wino mwekundu kabla sijafika, pamoja na sababu yake. Katika miaka yangu ya ukaguzi, jambo hilo nimelikuta mara chache sana.

Sasa, ndugu zangu, nitasema lile ambalo wengi mnalijua na hakuna aliyependa kulitaja penye ngoma na pilau. Kuondoka kwa kijana huyu kulikaribia kutuvunjia kikao. Wako waliosema, "Tumemlea, tumemnunulia viatu na glavu, leo anatuachia goli wazi." Wako waliopendekeza kwamba hisa zake zizuiliwe mpaka arudishe gharama hizo, na barua ya ruhusa ya timu isitolewe kabla klabu ya huko haijaleta fedha. Sitawadharau waliosema hivyo. Mtu hulalamika kwa kuondokewa na kitu chenye thamani. Hakuna aliyelalamika alipohama yule mshambuliaji wetu aliyekuwa akija mazoezini mara moja kwa mwezi. Hata hivyo, nimeombwa nitoe maoni yangu, nami nitayatoa.

Kwanza viatu na glavu. Nimesoma kitabu cha kumbukumbu. Fedha ile ilitoka katika fungu la huduma za jamii, ikapitishwa na Mkutano Mkuu, mikono ikahesabiwa, muhtasari ukatiwa sahihi. Haikuandikwa popote kwamba ni mkopo. Chama cha ushirika hakiwezi kumpa mtu kitu mchana kweupe mbele ya mkutano, kisha kikakigeuza kuwa deni usiku kwa sababu kimekasirika. Kuijali jamii inayokizunguka chama ni miongoni mwa kanuni saba za ushirika zilizotangazwa na Muungano wa Ushirika Duniani mwaka 1995. Na kanuni ya kwanza kabisa katika hizo ni uanachama wa hiari. Mlango ambao mtu aliingilia kwa hiari hauwezi kufungwa kwa komeo anapotaka kutoka, maadamu amekamilisha yaliyo katika masharti ya chama.

Pili, habari ya kuaga wanamichezo. Si sisi wa kwanza. Katika miaka ya 1970 Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, aliyewahi kuichezea Yanga, alikwenda kucheza Uholanzi katika klabu ya Heracles ya mji wa Almelo, na anahesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Wazee wa hapa waliokuwa na redio wanaikumbuka habari hiyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mbwana Samatta, maana hatua zake zote zinaonekana. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akakulia Mbagala. Alianzia katika klabu ya African Lyon, ambayo hapo awali iliitwa Mbagala Market. Mwaka 2010 akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilipambana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya vilabu bingwa vya Afrika, nao Wakongo, badala ya kumchukia kijana aliyewasumbua, wakamchukua. Mashabiki wengi waliumia. Walisema Simba imeuza jicho lake. Basi mtazameni alikofika. Novemba 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo akavuka kwenda Genk ya Ubelgiji, ambako alipata ubingwa wa ligi katika msimu wa 2018/19. Januari 2020 akaingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Na katika muda huo huo, mwaka 2019, ndiye aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars iliyorudi katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Kama mwaka 2011 mtu angezuia barua yake, hayo tungeyasoma wapi?

Katika mkoa huu, isitoshe, kuagana na mtu anayekwenda mbali si jambo geni. Mwaka 1949 mwana wa Butiama, aliyeanzia darasani Mwisenge pale Musoma, alikwenda kusoma Edinburgh. Alirudi mwaka 1952. Yaliyofuata mnayajua, nisije nikaigeuza hotuba hii kuwa somo la historia.

Nirudi kwenye fedha, maana najua kwamba ninyi makatibu mmeketi mkilisubiri jambo hilo. Je, aliyelea hapati kitu? Hupata, lakini hapati kwa kumshika mtoto shati. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho zina kitu kinachoweza kuitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa anapohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 klabu hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila msimu wa umri wa 16 hadi 23 hupata nusu ya asilimia. Tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa hesabu. Kijana huyu akija kuuzwa siku moja na klabu yake mpya kwa ada ya shilingi milioni 100, misimu mitatu ya umri wa miaka 13, 14 na 15 ni shilingi 750,000, na misimu mitatu ya 16, 17 na 18 ni shilingi 1,500,000. Jumla shilingi 2,250,000. Kwa timu inayofua jezi zake ziwani, hiyo si fedha ya kutupwa.

Nimesema misimu sita. Hapa ndipo panaponiuma. Jana nilimwomba katibu wa timu hati ya kuandikishwa katika Chama cha Mpira wa Miguu cha Wilaya. Akaileta, imehifadhiwa vizuri, lakini tarehe yake ni ya miaka minne tu iliyopita. Timu isiyoandikishwa haina inachoweza kudai, hata kama kijiji kizima kitaapa kwamba kilimwona mtoto akidaka. Kwa hiyo ile misimu miwili ya mwanzo imepotea, na katika mfano wangu imepotea pamoja na shilingi 500,000. Hakuna wakala wala tajiri wa mjini aliyetuibia. Ni fomu ambayo haikujazwa.

Iko pia fidia ya mafunzo, ambayo huhusu mchezaji anapoandikishwa kwa mara ya kwanza kuwa wa kulipwa. Hesabu yake ni ya namna nyingine, na katibu wa timu aifuate wilayani na TFF asikae akisubiri. Tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi maalumu mjini Paris inayopitisha malipo haya, nayo hutazama kumbukumbu za mchezaji za kila msimu, aliandikishwa wapi na tangu tarehe gani. Ofisi hiyo haimjui mzee wetu yeyote hapa. Inajua maandishi tu.

Naomba mniruhusu niseme jambo linalonihusu. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kabla ya kuingia kazi hii, nilikuwa katibu wa timu moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na winga mwenye mbio, naye akapata nafasi katika nchi jirani. Kamati ikaniagiza nisiandike barua ya ruhusa mpaka ziletwe fedha, na kiwango chenyewe tulikitunga usiku mmoja tukiwa na hasira. Nikatii. Nilijiona mtetezi wa mali ya umma. Wale waliomtaka walisubiri wiki tatu, kisha wakamchukua mwingine. Zaidi ya hayo, siku tulipotaka kuthibitisha kwamba kijana alikuwa wetu tangu utotoni, daftari la majina lilikuwa limeliwa na mchwa, nami ndiye niliyeliweka chini, juu ya udongo. Tulikosa fedha, tukakosa mchezaji, maana tangu siku ile hakuvaa tena viatu vya mpira. Miaka michache iliyopita nilimkuta katika mwalo mmoja wa ziwa hili akipima dagaa. Aliniamkia kwa heshima, akaniwekea kopo la nyongeza. Nilizila dagaa zile kwa shida.

Ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti, nilipoisoma ile hoja ya kuzuia barua niliomba nafasi ya kusema kabla ya ngoma wala si baada yake. Na nashukuru kwamba Bodi jana jioni iliiondoa hoja hiyo kwa kauli moja, na aliyeitoa ndiye aliyechinja mbuzi wa leo. Mzee wangu, nimekuona. Ahsante.

Kwa wazazi nina neno moja la haraka. Huyu amevuka miaka 18, ana mkataba uliosomwa na mjomba wake na mwalimu wake, na chama cha mpira cha Zambia, kwa niaba ya klabu yake mpya, kitaomba hati ya uhamisho wa kimataifa kutoka TFF. Akija mtu hapa kutaka mtoto wa miaka 14 au 15, akisema ampeleke nje kucheza na kwamba karatasi zitafuata baadaye, jueni kwamba kanuni za FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mpeni maji ya kunywa, mumwonyeshe njia ya kurudi alikotoka.

Na wewe, mwanangu. Huko uendako mwalimu wa mpira atakuwa na walinda mlango wengine wawili au watatu, na huenda ukakaa benchi miezi mingi. Watu wa hapa watauliza kila Jumapili kama umecheza. Usione haya kuwaambia hapana. Hisa zako unaweza kuziacha au kuzichukua kwa kufuata masharti. Umeniambia unaziacha, nami nimekwambia lisemwe kwa maandishi, lisibaki kati yako na mweka hazina. Mkopo wako wa pembejeo umekwisha, nimeuona mwenyewe katika leja. Mama yako anaendelea kuwa mwanachama kwa jina lake na kwa hisa zake, wala asije mtu akamwambia vinginevyo.

Goli atasimama nani, sijui. Nimesikia majina mawili yakitajwa pale nyuma, na moja ni la kijana wa miaka 12. Katibu wa timu, huyo aandikishwe wilayani wiki hii, kabla hajaguswa na mpira wa mashindano.

Basi, kabla hatujala, yamebaki makabidhiano. Karani anayeondoka akabidhi ufunguo wa chumba cha mizani, daftari la mapokezi na stakabadhi ambazo hazijatumika, zihesabiwe hapa mezani kwa namba zake, ya kwanza na ya mwisho. Karani mpya apokee na kutia sahihi. Barua ya ruhusa ya timu imekwisha kuchapwa, nakala tatu. Moja yake, moja ya wilaya, moja ibaki katika jalada, na jalada hilo liwekwe juu kabatini, si chini. Ndugu Katibu, naomba kalamu ya wino.