Magazini Mpya Iliyo Ngumu: Namna ya Kuizoesha Bila Kuiharibu

(Mazungumzo kwa wenye vyeti vya kumiliki silaha nchini Kenya)



Jambo tulilokuja kuzungumza nanyi leo ni dogo, na asiyemiliki bastola huenda akalicheka. Mtu hununua bastola mpya kwa muuzaji mwenye leseni, akaketi kuijaza magazini. Risasi kumi za kwanza huingia bila taabu. Ya kumi na mbili humtoa jasho, ya kumi na tano humchubua kidole gumba, na ya kumi na saba hukataa kabisa. Hapo ndipo mtu husema kwamba ameuziwa kitu kibovu. Akirudi kulalamika kwa muuzaji, hakuna neno. Tunaowahofia ni wale wasiolalamika kwa yeyote, bali humpelekea fundi magazini, fundi akakata mizunguko miwili ya springi, na magazini ikawa laini kama walivyotaka.

Tuanze na sababu ya ugumu wenyewe. Mwaka 1678, Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni: springi husukuma kwa nguvu zaidi kwa kadiri inavyobanwa zaidi. Ndiyo maana risasi ya mwisho haifanani hata kidogo na ya kwanza. Juu ya hilo, magazini nyingi za leo hupanga risasi katika safu mbili zinazopishana, kisha huzibana ziwe safu moja karibu na mdomo. Bastola ya M1911 ya Marekani, yenye safu moja, hubeba risasi 7 katika magazini yake ya asili. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ilifikisha 13 kwa mpango wa safu mbili, na Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982, hubeba 17. Aliyezoea bastola ya zamani ya baba yake hushangaa anaposhika hizi mpya, kumbe tofauti imo katika umbo na idadi ya risasi.

Ugumu huo una kazi. Bastola inapofyatuliwa, sehemu yake ya juu huteleza nyuma na kurudi mbele kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo springi ya magazini inapaswa kuwa imekwisha kuinua risasi inayofuata na kuiweka sawasawa mbele ya chemba. Springi iliyokatwa hulaza laini mkononi, lakini huchelewa. Risasi huinama na kukwama, au sehemu ya juu hujifunga pasipo kuchukua risasi yoyote. Tena, risasi zinapokwisha, ni msukumo wa springi hiyohiyo unaoinua kizuizi ili bastola ibaki wazi. Ikikosa nguvu, bastola hujifunga ikiwa tupu, na mwenyewe akadhani bado ana risasi. Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: springi isikatwe, na midomo ya magazini isipigwe tupa wala kupanuliwa kwa koleo.

Mafuta nayo yasimiminwe ndani. Hupenya hadi kwenye fataki, kile kiduara kilicho kitakoni mwa risasi, na risasi iliyolowa mafuta yaweza kukataa kulipuka. Ikiwa magazini imetoka kiwandani na utando wa mafuta, ifungueni kwa kufuata kijitabu chake na kuipangusa kwa kitambaa kikavu. Mkifungua kitako, kielekezeni mbali na uso, kwani springi hurukia nje kwa kishindo.

Sasa namna ya kuizoesha. Springi mpya hupungua urefu kidogo inapobanwa mara za mwanzo, kisha hutulia. Baada ya hapo, kukaa imebanwa hakuichoshi sana. Kinachoichosha springi nzuri ni kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, kwa miaka. Basi ushauri unaosikika katika viwanja vya shabaha, kwamba ijazwe na kuachwa siku kadhaa, ni sahihi kwa upande wa ufundi. Swali ambalo washauri hao hawaulizi ni hili: iachwe wapi?

Hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini kuliko pengine popote. Magazini iliyojaa, iliyowekwa juu ya kabati "ilainike", ni risasi 17 zilizo wazi nyumbani mwenye watoto, wageni na wafanyakazi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aitunze pamoja na risasi zake mahali salama wakati wote, na zoezi la kulainisha springi halikuondolewa katika sharti hilo. Magazini inayozoeshwa ikae ndani ya sefu iliyofungwa, nje ya bastola, na bastola yenyewe iwe tupu. Someni pia cheti chenu, kwa maana hutaja idadi ya risasi mnayoruhusiwa kuwa nayo. Mwenye magazini tatu za risasi 17 akizijaza zote, tayari ana risasi 51.

Sisi twapendelea njia nyingine: risasi bandia za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki hai. Kwazo mtu aweza kujaza na kumwaga magazini mara kumi jioni moja, na kesho tena. Springi huzoea, kidole nacho hujifunza, na hata zikisahaulika mezani hakuna wa kudhurika.

Katika kujaza, bastola iwekeni kando ikiwa imekaguliwa kuwa tupu. Simamisheni magazini juu ya meza yenye kitambaa, ili meza ibebe mzigo badala ya kiganja. Risasi mpya iwekeni juu ya sehemu ya mbele ya ile iliyotangulia, ncha ikitazama mbele. Ibonyezeni chini, kisha isukumeni nyuma chini ya midomo hadi ifike mwisho. Kidole gumba cha mkono mmoja kibonyeze, mkono mwingine usukume. Wenye maumivu ya viungo, na wazee wetu, wasione haya kutumia kifaa cha kujazia; bastola kadhaa huuzwa nacho ndani ya sanduku.

Risasi ya mwisho ikikataa, iacheni. Magazini iliyojaa kabisa hupata shida kuingia katika bastola iliyofungwa, na wakati mwingine huonekana imeshika ilhali haijashika. Kumi na sita zinazofanya kazi ni bora kwetu kuliko kumi na saba zenye shaka, na mkishaiingiza, ivuteni kidogo kuhakikisha.

Magazini mbovu zipo pia, hatukatai. Ikiwa tupu, kisukumeni kwa kijiti kile kibao kinachobeba risasi; kishuke na kupanda bila kukwama. Tazameni kama midomo imelingana na kama ubavu hauna mbonyeo. Hakikisheni pia kwamba ukubwa wa risasi ulioandikwa kwenye magazini ndio ulioandikwa kwenye bastola, kwa sababu risasi ya .40 hulazimishwa na wengine ndani ya magazini ya milimita 9. Palipo na kasoro, irudisheni kwa muuzaji pamoja na risiti, ikiwa tupu, na risasi zibaki nyumbani ndani ya sefu.