Staftahi ya Ugenini

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wanaojiandaa kwenda masomoni nchi za nje)



Walionitangulia wamekwisha kunena juu ya pasi, chanjo na posho, nami sina haja ya kuyarudia hayo. Nitasema juu ya saa mbili za kwanza za siku, kwa kuwa ndizo zilizonishinda mimi huko Beijing mwaka 2011, nilipopelekwa kwa mafunzo ya miezi mitatu.

Sisi twahesabu saa toka mapambazuko, na hesabu hiyo yatufaa, maana hapa karibu na Ikweta jua halibadili sana desturi yake mwaka mzima. Beijing si hivyo. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Desemba hungoja hata saa moja na nusu ipite. Tena saa za Beijing zimezitangulia za Dar es Salaam kwa saa tano. Wenyeji waamkapo saa kumi na mbili asubuhi, mwili wako ungali nyumbani, saa saba ya usiku, nao hautaki chakula wala salamu. (China nzima hufuata saa hiyo moja, ijapokuwa Urumqi, magharibi ya mbali, jua la Desemba huonekana baada ya saa tatu. Atakayepangiwa huko ajue.)

Basi siku ya kwanza nilishuka bwaloni saa kumi na mbili na nusu, macho mazito. Nikawekewa bakuli la uji wa mchele, wauitao zhou: mchele uliochemshwa kwa maji mengi mpaka punje zikapasuka, hauna sukari, hauna chumvi. Kando yake palikuwa na mboga zilizosindikwa kwa chumvi, mkate mweupe wa kupikwa kwa mvuke, maziwa ya soya ya moto, na youtiao, yaani vipande virefu vya unga wa ngano, viwili viwili vilivyobanwa pamoja na kukaangwa. Nilionja kijiko kimoja cha uji, nikakiweka. Mtu aliyelelewa Pwani kwa uji wa mchele wenye tui na sukari huona kama ametaniwa.

Siku tatu sikula. Nilikuwa na biskuti mkobani, nikizila chumbani kwa siri kama mtoto, na ifikapo saa nne nasinzia mbele ya mkufunzi. Nilijiambia kwamba simdhuru mtu.

Siku ya nne mkalimani wetu alinijia. Akasema, "Mwalimu, mama mpishi anauliza amekukosea nini."

Nikageuka. Mama yule, wa makamo ya dada yangu mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, akifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Kumbe mkuu wa hosteli alikwisha kumhoji kama chakula chake si safi, hata mgeni kutoka Afrika akakiacha kila siku. Naye, kwa kudhani kwamba nachelea mafuta ya nguruwe, alikuwa ameninunulia mafuta mapya na kunikaangia katika sufuria ya peke yake. Mimi sikuwa hata nimezigusa.

Niliona haya, ndugu zangu. Nikasema ukweli: kwamba kwetu uji hutiwa sukari, na kwamba nilishindwa kuuliza. Mkalimani alipotafsiri, jiko zima likacheka; na mama akacheka mwisho, baada ya kumtazama mkuu wake. Akaleta sukari. Kisha akaketi, akanionyesha kwa vijiti vyake jinsi ya kutwaa kipande kidogo cha mboga na kukifuatisha uji juu yake, kwani chumvi imo kwenye mboga. Wiki ya pili sukari nikaisahau.

Mkuu wa hosteli nilimwendea mwenyewe jioni ile, pamoja na mkalimani, nikamweleza kosa ni la nani. Nilipaswa kwenda siku tatu kabla.

Wenye maswali juu ya nguo za baridi watanikuta hapa nje.