Sindano Hupita Wapi? Kuhusu Kipimo cha Kinyama cha Tezi Dume
(Maelezo ya Mganga Mkuu wa Wilaya mbele ya Baraza la Madiwani)



Swali moja hunifuata hata sokoni: “Daktari, ni kweli sindano hupitishwa nyuma?” Wapo waliopewa rufaa wakabaki nyumbani kwa sababu ya swali hilo, na ugonjwa haukuwangoja. Nitalijibu bila kuzunguka.

Kipimo cha damu cha PSA kikiwa juu, hakijathibitisha saratani. Tezi iliyokua kwa umri, au yenye maambukizi, nayo hukipandisha. Kinachothibitisha ni kinyama chembamba kama uzi, kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini.

Sindano hiyo ina njia mbili. Ile ya zamani hupita katika ukuta wa njia ya haja kubwa. Huko ni makazi ya bakteria, na sindano huweza kuwabeba hadi kwenye tezi na kwenye damu. Ndiyo sababu mgonjwa hutangulizwa dawa za antibiotiki. Nasi tuliozoea kuzinunua dukani bila cheti tumewafanya baadhi ya bakteria wasizisikie tena. Njia ya pili hupita katika ngozi ya msamba, kati ya korodani na tundu la haja kubwa, baada ya ngozi kusafishwa na kutiwa ganzi.

Nchini Uingereza wanaume 1,126 waligawanywa kwa kura kati ya njia hizo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Saratani inayostahili kushughulikiwa ilionekana kwa asilimia 60 ya waliopimwa kupitia msamba, na asilimia 54 ya wale wa njia ya zamani. Waliolazwa kwa maambukizi ndani ya siku 35 walikuwa 9 katika njia ya zamani. Katika msamba, walikuwa 2 tu. Hata hivyo, wa msamba ndio waliolalamikia zaidi maumivu na fedheha wakati wa kipimo. Kwa maoni yangu, maumivu ya dakika chache ni heri kuliko bakteria kuingia katika damu.

Pamoja na njia, lipo suala la shabaha. Utafiti wa wanaume 500 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa picha ya MRI ikitangulia na sindano ikafuata doa lililoonekana, saratani ya hatari hugunduliwa kwa asilimia 38, dhidi ya 26 kwa kuchoma bila picha hiyo. Zaidi ya robo ya waliopigwa picha hawakuchomwa kabisa. Hospitali yetu haina mashine hiyo, hivyo mwenye rufaa aulize huko aendako kama ipo.

Aulize pia sindano itapita wapi. Akijibiwa kuwa iliyopo ni njia ya zamani pekee, asikimbie. Wengi wanaopimwa hivyo hurejea salama. Amweleze daktari kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, au kama alimeza antibiotiki hivi karibuni. Damu kidogo katika mkojo au choo kwa siku chache ni ya kawaida, na katika shahawa huweza kuchukua wiki kadhaa. Homa, kutetemeka kwa baridi au mkojo kuziba si kawaida: aje hospitali usiku huohuo, na aseme mlangoni kwamba amechukuliwa kinyama cha tezi dume.