Kasi ya Intaneti na Riziki ya Mfanyabiashara Mdogo

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya Bahari ya Hindi, yaani EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota mara moja katika Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Malalamiko yalisikika kila upande, na ilikuwa haki yasikike. Hatimaye mikongo ilitengenezwa, na malalamiko yakanyamaza.

Lakini lipo tatizo jingine la kukokota kwa intaneti ambalo halitangazwi katika taarifa za habari, kwa kuwa halina siku ya kuanza wala siku ya kwisha. Ni tovuti za wafanyabiashara wadogo kuchelewa kufunguka katika simu za wateja wao. Hasara yake haipigi kelele, lakini ni ya kila siku.

Katika duka la kawaida, mwenye duka humwona mteja anayesubiri. Humwomba radhi, humpa kiti, humsemesha hadi zamu yake ifike. Katika tovuti, mteja aliyechoka kusubiri huondoka bila kuaga, na mwenye mali hajui kamwe kwamba mtu alibisha hodi. Kampuni ya Google ilieleza mwaka 2016 kwamba katika kila mara 100 ambazo watu walitembelea tovuti kwa simu za mkononi, mara 53 waliziacha iwapo ukurasa ulichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Kampuni kubwa haitikiswi sana na jambo hilo. Jina lake linajulikana, na mteja aliyeondoka leo atarudi kesho. Mshona viatu wa Nairobi au muuza vitenge wa Kampala hana bahati hiyo. Mteja mmoja aliyekata tamaa huenda ndiye aliyekuwa mauzo yake ya siku nzima.

Zaidi ya hayo, ukurasa mzito humla mteja fedha. Watu wengi katika Afrika Mashariki hununua data kidogo kidogo, ya siku moja au hata ya saa chache. Mwaka 2024 ukurasa wa kawaida wa tovuti duniani ulikuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Nchini Uganda, tarehe 1 Julai, 2018, ilianza kutozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Tarehe 1 Julai, 2021, kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo picha isiyo na kazi iliyopachikwa katika ukurasa wa biashara humgharimu mnunuzi hata kabla hajaiona bei ya bidhaa. Je, ni muuzaji gani wa sokoni anayemtoza mtu kiingilio cha kutazama nyanya?

Chanzo cha kwanza cha uzito huu ni namna kurasa zinavyotengenezwa. Picha huchukuliwa kwa simu na kuwekwa kama zilivyo, kila moja ikiwa na megabaiti kadhaa. Huongezwa filamu zinazojiendesha zenyewe na mapambo yaliyobuniwa kwa ajili ya nchi zenye intaneti ya nguvu. Chanzo cha pili ni umbali. Wafanyabiashara wengi hukodi nafasi katika kompyuta zilizoko Ulaya au Marekani, kwa sababu bei yake ni nafuu. Mwanga husafiri ndani ya mkongo kwa kasi ya kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Hata hivyo, safari ya kilometa 10,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi za namna hiyo kabla ya kukamilika.

Juu ya umbali, historia ya Kenya ina funzo kubwa. Zamani ujumbe wa mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa Nairobi uliweza kuvuka bahari kwanza, ndipo urudi. Mnamo Novemba 2000 makampuni ya intaneti ya Kenya yalifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano yao humo humo nchini. Shirika la simu lililokuwa na ukiritimba lililalamika, na baada ya majuma machache kituo kikafungwa kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi uliochapishwa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa ujumbe kusafiri ndani ya Kenya ulikuwa umepungua kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya milisekunde 2 na 10. Ilipofika mwaka 2020, sehemu ya mawasiliano ya intaneti yaliyopatikana nchini humo bila kufuatwa ng'ambo ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Ukiritimba ungeshinda, ni mfanyabiashara mdogo ambaye angeendelea kuulipia.

Wapo wanaosema kwamba mfanyabiashara mdogo hahitaji tovuti, kwani mitandao ya kijamii inamtosha. Ni kweli kwamba mitandao hiyo imewasaidia wengi. Lakini anayejenga duka lake lote katika kiwanja cha mwingine hana budi kukubali yatakayotokea hapo. Mtandao wa Facebook ulipofungwa nchini Uganda Januari 2021, haukufungwa kwa juma moja bali kwa miaka. Tovuti yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, ni kiwanja chake.

Wajibu unagawanyika. Serikali za nchi jirani zina kazi ya kuunganisha vituo vyao vya mawasiliano na kupunguza gharama za kuhifadhi kurasa hapa hapa. Uganda, Rwanda na Burundi hazina pwani, hivyo hutegemea njia zipitazo Kenya na Tanzania. Mkongo wa Taifa wa Tanzania umekwisha fika katika mipaka ya nchi hizo, na ujirani mwema leo hupimwa pia kwa njia kama hizo. Naye mfanyabiashara ana kazi yake, ambayo haihitaji mtaji. Apunguze ukubwa wa picha. Aweke bei na namba ya simu juu kabisa, kwa maandishi matupu. Aondoe kila kinachochezacheza bila kuuza. Kisha aufungue ukurasa wake kwa simu ya bei ndogo, mahali ambapo mawasiliano ni hafifu, maana huko ndiko aliko mteja wake.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyesimama mlangoni hadi subira ikamwishia hawezi kumponya mtu.